Mume wangu anakuja Bavaria mwishoni mwa Oktoba: tumechelewa?

Swali: "Mimi ni muuguzi, kwetu Tanga, nafanya kazi Augsburg tangu Machi. Wiki iliyopita nilipata mapumziko ya siku mbili nikaenda Füssen kuona milima na lile kasri. Sikuona mlima wala kasri. Ukungu mtupu kutwa nzima, nikanywa chai stesheni nikarudi. Sasa mume wangu amepata viza ya Schengen, anakuja tarehe 24 Oktoba kwa wiki mbili. Nataka kumpeleka Neuschwanstein, Königssee, Salzburg na Hallstatt. Wenzangu kazini wananiambia nisubiri kiangazi, kwamba Novemba kila kitu kimefungwa. Mmoja anasema kama huku chini kuna ukungu, juu mlimani ni mbaya zaidi. Gari hatuna, mimi nina Deutschlandticket. Jambo la mwisho: kadi yangu ya ukaazi haijatoka, ofisi imenipa karatasi ya Fiktionsbescheinigung. Naweza kuvuka nayo kwenda Austria? Naomba uniambie ukweli."

Dada, pole na safari ya Füssen. Kazi yangu ni kutembeza wageni kati ya Allgäu na Salzburg, na maswali kama yako nayapata kila Oktoba. Wengi huuliza kuhusu makasri wakasahau karatasi. Wewe umeuliza yote, ingawa lile zito umeliweka mwisho. Naomba nianze na ukungu, maana ukishauelewa huo, mambo mengine mengi ya safari za vuli yanajipanga yenyewe.

Mwenzako aliyekuambia kwamba juu ni mbaya zaidi amekosea kwa sehemu kubwa, na nadhani najua kwa nini ulimwamini. Sisi ndivyo tulivyozoea. Ukitoka Mombo kupanda Lushoto, chini unaacha jua kali, na kadiri basi linavyokata kona unaingia kwenye baridi na mawingu. Hewa yenye unyevu inasukumwa ipande mlima, inapoa, inageuka ukungu huko huko juu. Huku wakati wa vuli mara nyingi mambo huwa kinyume.

Kuanzia mwisho wa Septemba usiku unarefuka kuliko mchana. Mbingu zikiwa wazi na upepo umetulia, ardhi inapoteza joto usiku kucha na kuipoza hewa iliyo karibu nayo. Hewa baridi ni nzito. Inateremka mabondeni, inajikusanya kando ya mito kama Lech na Danube, na kwenye eneo lote la chini lililo mbele ya Milima ya Alps, ambako ndiko Augsburg na München ziliko. Unyevu uliomo unageuka vitone vidogo sana, na ukungu umeshapatikana. Wakati huo huo, siku za mgandamizo mkubwa wa hewa, hewa ya juu inashuka polepole, na kila inaposhuka inapata joto. Basi tabaka la hewa yenye joto linakaa juu ya tabaka la baridi, na lile la chini haliwezi kupanda wala kuchanganyika na lolote. Limenaswa. Julai, jua lingeutawanya ukungu huo asubuhi hiyo hiyo. Oktoba jua liko chini na siku ni fupi, kwa hiyo unaweza kukaa hadi mchana. Novemba unaweza kukaa siku nzima, pengine siku kadhaa mfululizo.

Lakini ukungu huo una mwisho wake kwa upande wa juu, na mara nyingi mwisho huo uko kati ya mita 800 na 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ukipanda kwa Seilbahn, kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya, mwanzoni kioo ni cheupe na huoni hata nguzo inayofuata. Abiria wamenyamaza, kila mtu anajuta nauli yake. Baadaye weupe unaanza kung'aa, unaingia rangi ya manjano, na ghafla mmetoka. Chini mawingu yamelala hadi upeo wa macho, vilele vimechomoza juu yake, na watu wanavua majaketi. Siku kama hiyo huko juu huwa na joto zaidi ya Augsburg kwa nyuzi kadhaa.

Füssen iko kwenye mita 800 hivi. Karibu na Neuschwanstein kuna Seilbahn ya Tegelberg, ambayo kituo chake cha juu kinapita mita 1,700. Siku ile ulipokuwa unakunywa chai stesheni, yawezekana kabisa jua lilikuwa linawaka mita mia chache juu ya kichwa chako.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa safari za majira haya ni kuchagua kimo kwanza, jina la mahali baadaye. Watu wengi wanafanya kinyume: wanapanga Jumanne Königssee na Alhamisi kasri wiki tatu kabla, halafu wanaomba dua. Wewe panga orodha ya mahali pa juu, pa katikati na pa chini, kisha amua jioni ya kuamkia safari. Soma utabiri wa DWD, idara ya hali ya hewa ya Ujerumani, au wa GeoSphere Austria kwa upande wa pili. Ukiona "Nebel" (ukungu) au "Hochnebel" (ukungu ulioinuka kidogo kutoka ardhini), tafuta neno "Obergrenze" na namba inayofuata. Hiyo ndiyo mita ambayo ukungu unaishia. Obergrenze ikiwa mita 900, kilele cha mita 1,700 kina jua. Ikiwa 1,800, tafuta kilele kirefu zaidi au bakini mjini. Vituo vingi vya Seilbahn vina kamera zinazoonyesha hali ilivyo muda huo. Zifungue saa moja asubuhi, ya bondeni na ya kileleni. Chini kweupe na juu buluu, vaeni viatu. Kote kweupe, rudini kitandani.

Maana si kila weupe ni ukungu wa aina hii. Mvua za kutoka magharibi zikiingia, mawingu yanakuwa mazito kutoka bondeni hadi kileleni, na siku hiyo mwenzako yuko sahihi, juu ni mbaya zaidi na huenda kuna theluji. Kwenye utabiri utaona "Schneefallgrenze", yaani kimo ambacho mvua inageuka theluji. Kwa tarehe zenu isikushangaze ikiwa mita 1,200.

Halafu kuna Föhn. Huu ni upepo wa kusini unaovuka Alps. Unamwaga mvua yake upande wa Italia, kisha unashuka upande wetu ukiwa mkavu, ukiongeza kama nyuzi moja kwa kila mita 100 unazoshuka. Siku ya Föhn ukungu unafagiliwa, München inapata joto hata la nyuzi 20 mwishoni mwa Oktoba, na milima inaonekana karibu kiasi kwamba mgeni anadhani anaweza kwenda kwa mguu. Wenyeji watakulalamikia kuumwa kichwa. Föhn ni siku ya maziwa na mabonde. Vileleni upepo huwa mkali, Seilbahn nyingine husimama, na upepo ukikatika hali hugeuka upesi kuwa baridi na mvua. Ukiona Föhn inatabiriwa kuisha jioni, shukeni mapema.

Sasa hilo la "kila kitu kimefungwa". Wenzako wanazungumzia Novemba yote, wakati mume wako anaondoka wiki ya kwanza. Seilbahn nyingi za Bavaria na za Tirol, jimbo la Austria lililopakana nayo, zinafanya kazi hadi mapema Novemba, ndipo zinafungwa kwa matengenezo mpaka msimu wa kuteleza kwenye theluji. Tarehe hutofautiana kwa kila mlima, kwa hiyo angalia ukurasa wa Seilbahn husika na utafute neno "Revision". Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani wenye mita 2,962, ni kati ya michache inayopokea watu karibu mwaka mzima, ingawa nao una siku zake za matengenezo. Kinachofungwa mapema ni vibanda vya chakula milimani, Alm na Hütte, vingi katika Oktoba. Bebeni chapati zenu na chupa ya chai. Na kumbuka kwamba mwanzoni mwa Novemba shule za Bavaria zina likizo ya vuli. Watu hawatakosekana kwenye foleni ya kasri.

Maduka mtayakuta yamefungwa Jumapili kama kawaida, na tarehe 1 Novemba, sikukuu ya Watakatifu Wote, pande zote mbili za mpaka. Tarehe 26 Oktoba Austria ina sikukuu ya taifa.

Kinachowaponza wageni wa majira haya ni mwanga. Mume wako akifika, jua la München linazama saa kumi na mbili jioni na dakika chache. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na kuanzia hapo jua linazama karibu na saa kumi na moja. Akikaribia kuondoka ni kabla ya hapo. Na huo ni mji ulio tambarare. Kwenye bonde lililobanwa na milima jua hutoweka mapema zaidi. Seilbahn ya mwisho ya kushuka inaweza kuwa saa kumi au kumi na nusu. Mkifika juu, kabla ya kupiga picha hata moja, someni kibao cha "Letzte Talfahrt". Mkiikosa mtashuka kwa miguu gizani, juu ya majani yaliyolowa na mizizi inayoteleza. Kuhesabu masaa anza na ile ya kushuka, kisha rudi nyuma.

Tiketi yako: Deutschlandticket, inayogharimu euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026, inakupandisha treni zote za mikoa na mabasi ya kawaida, na inafika mpaka Salzburg Hauptbahnhof (stesheni kuu) na Kufstein ingawa hizo ni Austria. Haikupandishi ICE, IC wala EC, na hapa watu huumia: kati ya München na Salzburg kuna treni za haraka zinazopita njia ile ile. Angalia herufi za treni kabla ya kupanda, RE au RB ndizo zako. Seilbahn na boti ni malipo ya pembeni. Mumeo, kwa siku chache za safari, hahitaji kujisajili kwenye Deutschlandticket. Mnunulie Bayern-Ticket ya siku. Siku za kazi inaanza kutumika saa tatu asubuhi, wikendi na sikukuu tangu usiku wa manane, na inafika Salzburg vilevile. Kwa hiyo siku za kazi hamtaondoka kabla ya saa tatu. Liweke hilo kwenye hesabu ya mwanga.

Tuje kwenye karatasi, na hapa naomba usome taratibu.

Mtu mwenye kadi halali ya ukaazi ya Ujerumani pamoja na pasipoti anaweza kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, bila viza nyingine. Kwa hiyo kadi yako ikitoka, Austria si tatizo. Mumeo naye hana tatizo: Schengen inahesabika kuwa eneo moja, na kuingia Austria hakumalizi viza yake hata kama ni ya kuingia mara moja. Ila awe na pasipoti yenyewe mfukoni. Picha kwenye simu haitoshi. Ujerumani imekuwa ikikagua watu kwenye mpaka wake na Austria tangu vuli ya 2015, na ukirudi kutoka Salzburg, polisi huingia kwenye treni pale Freilassing, behewa kwa behewa. Ukiwa na sura kama yetu, tegemea kuulizwa. Sisemi ni haki. Nasema karatasi ziwe karibu na mkono.

Wewe una Fiktionsbescheinigung, na hizo hazifanani. Ndani ina visanduku, na kile kilichotiwa alama ndicho kinachoeleza haki yako. Kama ni cha § 81 Abs. 4, yaani kifungu cha 81, aya ya 4, cha sheria ya ukaazi, maana yake kibali chako cha awali, nadhani ile viza ya kitaifa uliyojia, kinahesabika kuwa hai mpaka ofisi iamue. Hiyo ndiyo yenye nafuu. Kama ni cha § 81 Abs. 3, unaruhusiwa kuwepo Ujerumani wakati unasubiri, lakini ukitoka nje karatasi hiyo haikupi haki ya kurudi ndani. Muuguzi mwenye mkataba anaweza kujikuta amekwama Salzburg kwa sababu ya keki na picha. Hata kama alama iko kwenye Abs. 4, waulize Ausländerbehörde ya Augsburg, ile ofisi ya wageni iliyokupa karatasi, kabla ya kuvuka, tena kwa barua pepe ili jibu liwe la maandishi: je, naweza kwenda Austria kwa siku moja na kurudi? Jibu likichelewa au usipolielewa, nenda kwenye Migrationsberatung. Ni ushauri wa bure kwa wahamiaji, unaotolewa na mashirika kama Caritas, Diakonie na AWO. Nenda na karatasi yenyewe, mtu aione kwa macho. Usiamue kwa maneno ya kikundi cha WhatsApp, wala kwa haya yangu peke yake.

Mpaka wenyewe huku hauonekani. Bonde la Großer Ahornboden, maarufu kwa miti yake mikubwa ya maple inayogeuka dhahabu katikati ya Oktoba, watu wa München hulisema kama lao, lakini liko Tirol, hata kama kwa gari linafikiwa kutoka upande wa Bavaria. Treni ya kutoka Kempten kwenda Garmisch kupitia Reutte inapita ndani ya Austria. Korongo la Leutasch, mwendo mfupi kutoka Mittenwald, linavuka mpaka juu ya madaraja ya chuma, na hakuna askari anayekuambia. Na ukienda Königssee kwa treni unabadilisha Freilassing. Ukisinzia ukapitiliza, kituo kinachofuata mjini ni Salzburg. Mpaka upate jibu la ofisi, njia hizo ziache.

Sasa mahali ulipopataja. Neuschwanstein ndiyo rahisi kwenu kuliko zote, kwa kuwa kuna treni ya moja kwa moja kutoka Augsburg hadi Füssen, halafu basi hadi Hohenschwangau. Kuanzia tarehe 16 Oktoba kasri linafuata saa za majira ya baridi, saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na tiketi huwa na dakika yake kamili ya kuingia. Nunua mtandaoni mapema, na uhesabu angalau nusu saa ya kupanda kwa miguu kutoka kijijini. Ukichelewa zamu yako imepita. Mimi huwaambia wageni wangu wasitarajie makubwa ndani: ziara ni kama nusu saa, picha haziruhusiwi. Mfalme Ludwig wa Pili alianza kulijenga mwaka 1869 na alikufa 1886 kabla halijakamilika. Ukumbi wa kiti cha enzi hauna kiti cha enzi mpaka leo. Utamu uko nje, kwenye daraja la Marienbrücke, ambako unaliona kasri lote na tambarare nyuma yake. Tangu Julai 2025 makasri ya Ludwig yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa hiyo foleni haitapungua. Likiwa limezama kwenye ukungu mkifika, msingoje chini; nendeni Tegelberg. Hapo ndipo unapolipia kosa la kununua tiketi ya kasri mapema, lakini kwa tarehe za likizo sioni njia nyingine.

Königssee iko ndani ya Ujerumani, ila kutoka Augsburg ni karibu saa nne kwa treni za mikoa. Kwenda na kurudi siku moja ya vuli ni kulipa nauli ya kuangalia giza. Laleni Berchtesgaden usiku mmoja. Boti za ziwa lile zinaendeshwa kwa umeme tangu 1909, ndiyo maana maji ni safi na kimya. Katikati ya ziwa boti inasimama, mmoja wa wafanyakazi anapuliza tarumbeta, na ukuta wa mwamba unamrudishia sauti yake. Kwa tarehe zenu mtafika kanisa la St. Bartholomä. Safari za hadi Salet, mwisho wa ziwa, kwa kawaida huwa zimesitishwa Oktoba. Mvua ikinyesha, mgodi wa chumvi wa Berchtesgaden uko hapo hapo, umechimbwa tangu 1517, na ndani ni nyuzi 12 mwaka mzima.

Mkiwa huko, muulize mumeo kama anajua kwamba mmoja wa watu walioandikwa kufika kilele cha Kibo mwaka 1889, pamoja na Hans Meyer wa Leipzig, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo wa Salzburg, Ludwig Purtscheller. Juu ya Berchtesgaden kuna kibanda chenye jina lake, Purtschellerhaus, kwenye mita 1,692, na mpaka wa Ujerumani na Austria unapita katikati ya nyumba. Waafrika waliowabebea mizigo hawana kibanda.

Salzburg ni mji wa siku ya mvua au ya ukungu usiokatika. Mji wa kale ni mdogo, mnauzunguka kwa miguu: nyumba namba 9 ya Getreidegasse alikozaliwa Mozart 1756, kanisa kuu, na ngome ya Hohensalzburg iliyoanza kujengwa 1077. Kutoka Augsburg ni kama saa tatu. Basi la mji linafika hadi Seilbahn ya Untersberg, kwa hiyo ukungu ukiwa wa chini mnaweza kuutoroka hapo hapo. Lakini yote haya yanangoja karatasi yako.

Hallstatt mimi ningeiacha. Deutschlandticket inakomea Salzburg; kutoka hapo mnalipa tiketi nyingine, mnabadilisha Attnang-Puchheim, mnashuka ng'ambo ya ziwa na kuvuka kwa boti. Kijiji kina wakazi wasiofika 800, kimebanwa chini ya mlima mkali, na jua la vuli linakihama mapema. Kwa siku moja kutoka Augsburg haiwezekani kwa starehe. Badala yake mpeleke Mittenwald. Nyumba zake zina michoro kwenye kuta, mji unatengeneza fidla tangu karne ya 17, na kwa mwendo wa saa moja hivi wa kupanda polepole mnafika maziwa ya Lautersee na Ferchensee, yote mawili kwenye mita 1,000 na kidogo. Mwishoni mwa Oktoba miti ya Lärche huko inakuwa ya dhahabu. Ni msonobari wa Ulaya unaodondosha majani yake. Na mpaka hamtauvuka mkibaki kwenye njia ya maziwa.

Kuhusu mavazi sitakuchosha. Tabaka kadhaa nyembamba, kofia, glavu, na viatu vyenye soli ya meno. Mumeo asije na raba za mjini. Simu ikae mfuko wa ndani, baridi inamaliza chaji.

Wewe ni muuguzi, kwa hiyo la afya nitaligusa tu. Wapo wanaosema jua la mlimani wakati huu linakuongezea vitamini D. Kati ya Oktoba na Machi jua la huku ni dhaifu mno kwa kazi hiyo, na kwetu wenye ngozi nyeusi zaidi. Kapime damu kwa Hausarzt, daktari wako wa kawaida, kabla ya kumeza chochote. La pili ni zito: kama mumeo au wewe ana selimundu, msipande Zugspitze bila kuzungumza na daktari. Seilbahn inakutoa Eibsee hadi karibu mita 3,000 kwa dakika chache, na upungufu wa oksijeni unaweza kuamsha maumivu. Vilele vya mita 1,700 ni salama zaidi, lakini hata hapo ulizeni. Kupe nao bado wako majanini mpaka baridi ishike, na sehemu kubwa ya Bavaria ni eneo la FSME, ugonjwa wa ubongo unaoenezwa na kupe, kwa hiyo chanjo yake izungumzie kazini kwenu.

Chakula: kama hamli nguruwe, Käsespätzle ni tambi za jibini na mara nyingi ni salama, lakini uliza kama kuna Speck, vipande vya nguruwe. Leberkäse, mkate wa nyama ya kusaga, kwa kawaida ina nguruwe. Kaiserschmarrn, chapati nene ya mayai iliyochanwachanwa, ni tamu, ila zabibu zake wakati mwingine zimelowekwa kwenye rum. Na msimu huu watawauzia kinywaji cheupe kizito kinachoonekana kama juisi ya zabibu, Ujerumani kinaitwa Federweißer, Austria Sturm. Ni pombe inayoendelea kuchacha, na inapanda kichwani upesi.

Kwa matembezi ya maziwa na vituo vya Seilbahn hamhitaji kiongozi. Mkitaka kupanda kwa miguu hadi kileleni, au kukiwa na theluji njiani, tafuteni Bergwanderführer, au muulizeni mtu wa Tourist-Information asubuhi ile ile kama njia iko wazi. Wao wanajua ni upande gani wa mlima umeganda barafu. Tawi la Augsburg la Deutscher Alpenverein, chama cha wapanda milima, lina matembezi ya pamoja, na uanachama wake una bima ya uokoaji milimani. Mkipatwa na jambo, Ujerumani ni 112; Austria 112 nayo inafanya kazi, au 140 ya milimani.

Wiki ya kwanza nendeni milima ya Bavaria kila mkipata siku ya Obergrenze ya chini, kabla Seilbahn hazijafungwa. Wiki ya pili muiachie miji, na Salzburg iingie kama ofisi imekujibu. Ofisi hizo zina foleni ndefu, kwa hiyo barua pepe iandike leo, uambatanishe picha za kurasa zote za karatasi, hasa ule wenye visanduku.